Jinsi ya kuhesabu na kupima chembe za nano kwenye maji kwa sensa ya kitundu

Ukiandikiwa FBP hospitalini, kile kipimo cha damu cha kuhesabu seli nyekundu, nyeupe na chembe sahani, mashine nyingi zinazofanya ile kazi zinatumia wazo moja rahisi sana: damu inachanganywa na maji ya chumvi, inapitishwa kwenye kitundu kidogo ambacho umeme unapita ndani yake, seli ikiingia umeme unashuka kidogo, ikitoka unarudi, mashine inahesabu mishuko. Wallace Coulter wa Marekani alipewa hataza ya wazo hilo mwaka 1953. Mwaka 1970 DeBlois na Bean wakaonyesha kwamba kitundu kikiwa kidogo zaidi unaweza kuona na kupima chembe zilizo chini ya maikromita moja. Mwaka 1996 ikatoka kazi ya kupitisha nyuzi za RNA na DNA moja moja kwenye kitundu cha protini, na huko ndo zilikotokea mashine za kusoma DNA kama MinION, zile ambazo watafiti walizibeba mpaka mashambani Tanzania, Kenya na Uganda kutafuta virusi vya mihogo.

Hapa sizungumzii kusoma DNA. Nazungumzia chembe nzima nzima: virusi, vile vifuko vya mafuta ambavyo seli zinavitoa (eksosomu na ndugu zake), chembe za dawa, chembe za dhahabu, plastiki ndogo kwenye maji. Vitu vya nanomita 50 mpaka 500 hivi. Na nataka useme mwenyewe mwishoni kwamba namba uliyoipata unaiamini, manake hii mashine kutoa namba ni rahisi mno, itatoa namba hata ukiiwekea uchafu.

Kwanini usitumie tu mashine ya mwanga? Zile za kupiga leza na kuangalia mwanga unavyotawanyika ni nzuri na ni za haraka, lakini kwa chembe ndogo mwanga unaotawanywa unakua kwa kipeo cha sita cha kipenyo, yaani chembe ya nanomita 200 inatawanya mwanga mara 64 zaidi ya chembe ya nanomita 100, kwa hiyo vichache vikubwa vinafunika vingi vidogo na unachopata ni wastani uliovutwa kwenda juu. Kitundu kinaziona moja moja. Ukiwa na mchanganyiko wa 100 na 200 utaona milima miwili imesimama yenyewe, na hiyo ndo sababu ya kuhangaika na haya yote.

Fanya hesabu kabla hujagusa kitu

Wengi wanaruka hapa, halafu wanatumia wiki nzima kutafuta chembe ambayo kitundu chao hakiwezi kuiona hata ukeshe. Hesabu ni ya dakika kumi.

Chukua kitundu cha duara chenye kipenyo D na urefu L. Chembe yenye kipenyo d ikipita, sehemu ya mkondo inayopotea ni karibu d³ gawanya kwa D² × (L + 0.8D). Hiyo 0.8D inatokana na ukinzani wa mdomoni, kwa sababu umeme hauanzi kubanwa ndani ya kitundu tu, unaanza kubanwa ukikaribia mlango, pande zote mbili. Fomula hii iko sawa kama chembe ni ndogo vya kutosha kuliko kitundu, ikifika nusu ya kipenyo inaanza kudanganya kidogo lakini kwa kupanga kazi inatosha.

Tufanye mfano mmoja na twende nao mpaka mwisho. Kitundu nanomita 400, urefu maikromita 1, ndani yake potasiamu kloraidi ya molari 0.1 kwa nyuzi 25, ambayo upitishaji wake ni 1.29 S/m. Ukinzani wa kitundu pamoja na midomo unakuja karibu megaohm 8. Weka milivolti 200, utapata mkondo wa karibu nanoampia 25. Sasa chembe ya nanomita 200: inaondoa asilimia 3.8, yaani pikoampia 900 na kitu. Chembe ya 100: asilimia 0.47, pikoampia 117. Chembe ya 50: pikoampia 15. Umeona inavyoporomoka? Ukipunguza kipenyo nusu, ishara inagawanywa kwa nane. Sasa kama kelele ya mashine yako ni pikoampia 10 na kizingiti, yaani mshuko mdogo kabisa utakaouhesabu, umekiweka mara tano ya kelele, yaani 50, basi chembe ndogo kabisa utakayoiona ni ya nanomita 75 hivi. Ya 50 ipo, inapita, huioni. Andika hiyo 75 kwenye daftari kwa herufi kubwa, tutaihitaji.

Na kingine cha kuangalia hapo hapo ni amplifaya, kile kifaa kinachokuza mkondo na kuusoma. Kuna ambazo renji ya kawaida inaishia nanoampia 20, na sisi tuna 25, kwa hiyo mkondo utagonga dari na utaona mstari umenyooka vizuri kabisa, hauna kelele, unafurahi, kumbe mashine imeshiba. Shusha volteji ifike 150 au badilisha renji.

Kuchagua kitundu

Vipo vya aina nyingi. Chipu za silikoni naitraidi ni nzuri kwa chembe ndogo sana kwa kuwa utando ni mwembamba, na ukiangalia fomula utaona L ikiwa ndogo ishara inakua. Ubaya wake ni bei na kuvunjika. Pipeti za kioo, unavuta kapilari ya kwatzi au kioo kwenye mashine ya kuvutia mpaka ncha inakuwa ya nanomita mia kadhaa, ndo za bei nafuu kama chuo chenu kina hiyo mashine, na watu wa fiziolojia ya neva mara nyingi wanayo, nenda kawaombe. Ncha ya pipeti ni koni, kwa hiyo mshuko wake hautakuwa na umbo la kulingana pande mbili, utashuka ghafla upande mmoja na kurudi taratibu upande mwingine, usishtuke. Kuna na vile vya mpira wa poliyurethani ambavyo unavivuta na kitundu kinapanuka au kusinyaa, kampuni ya Izon ya New Zealand ndo inajulikana kwa hivyo, na kwa maabara ya kupima sampuli chafu chafu mimi naviona vinafaa kuliko vyote kwa sababu kikiziba unakivuta kinaachia.

Kipenyo: chembe zako ziwe kati ya robo na nusu ya kitundu. Ukienda chini zaidi ishara inazama kwenye kelele, ukienda juu utaziba kila saa.

Maji ya chumvi

Hapa ndo penye ushindi au aibu. Gramu 7.46 za potasiamu kloraidi kwenye lita moja ya maji safi inakupa molari 0.1. Maji yawe yale ya maabara yaliyosafishwa kabisa, yale ya betri yanayouzwa gereji au sheli usiyatumie, hakuna anayeyachuja kwa ajili ya chembe za nano na hujui chupa ilikuwa na nini. Pima upitishaji kwa mita, kwa nyuzi 25 isome 12.9 mS/cm, ndiyo ile ile 1.29 S/m. Joto lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani: kila nyuzi moja ya Selsiasi inabadilisha upitishaji kwa karibu asilimia 2. Chumba cha nyuzi 30, chumvi ile ile itakusomea kama 14. Kwa hiyo ukifanya kalibresheni (kupima kwanza chembe za kipenyo kinachojulikana) asubuhi kukiwa na baridi na ukapima sampuli mchana Dar es Salaam AC imezimika, tayari mkondo wako umehama kwa asilimia 10 au zaidi na wala kitundu hakijaguswa. Weka kipimajoto karibu na kiseli (kile kichumba kinachoshika kitundu, maji ya chumvi pande zote mbili), andika joto kila ukianza kurekodi.

Halafu chuja. Chuja bafa yote, yaani haya maji ya chumvi, kwa filta ya maikromita 0.22, ukipata ya 0.1 bora zaidi, na chuja siku ile ile ya kutumia. Bafa iliyokaa mezani siku tatu ina vitu vinaota ndani yake. Ukishachuja iweke kwenye vakyumu dakika kadhaa itoe hewa, kwa sababu hewa iliyoyeyuka inakuja kutengeneza kibofu kwenye mdomo wa kitundu pale pale ukiwa umeanza kupata data nzuri.

Chumvi iwe kali kiasi gani? Kali zaidi inakupa mkondo mkubwa na ishara kubwa, ndiyo, molari 1 inakupa karibu mara nane na nusu ya molari 0.1. Lakini chembe nyingi zinakaa mbalimbali kwa sababu zina chaji ya aina moja zinasukumana, na chumvi inafunika ile chaji: kwenye molari 0.1 msukumano unafika nanomita 1 tu, kwenye molari 1 unafika 0.3. Zikiacha kusukumana zinagandana. Chembe za dhahabu zenye sitreti (inayozipa chaji hasi) zinakuonyesha hili kwa macho, chukua tone la ule mmiminiko mwekundu kama divai uweke kwenye chumvi ya molari 0.1, ndani ya muda mfupi unageuka zambarau halafu bluu ya kijivu. Hizo zimeshagandana, ukizipitisha kwenye kitundu unapima mafungu, hupimi chembe. Kabla ya kitu chochote fanya hilo jaribio la tone, na kwa chembe zisizo na rangi changanya kidogo na bafa uiache nusu saa, ikiwa na ukungu au mashapo punguza chumvi au ziwekee gamba la kuzilinda. Ukishuka mpaka milimolari 10 au chini ya hapo ujue mambo mengine yanaanza, mkondo unaweza kupanda badala ya kushuka chembe ikipita, au kupanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu chaji za kwenye uso wa chembe zinaleta ayoni zake. Kwa anayeanza kaa kwenye 0.1.

Kwa shanga za polistairini (chembe za plastiki za kipenyo kinachojulikana, tutazitumia kama kipimo) unaweza kuweka Tween 20 ya asilimia 0.05 zisigande ukutani. Kwa vifuko vya mafuta na virusi vyenye gamba la mafuta kuwa mwangalifu na sabuni yoyote, jaribu kwanza kwenye sampuli ndogo uone hesabu haishuki kadri muda unavyokwenda.

Elektrodi na umeme wa jengo

Elektrodi mbili za waya wa fedha. Zisugue kwa msasa mwororo, zioshe, zitumbukize kwenye Jik ya kawaida isiyo na manukato kwa dakika 20 au 30 mpaka ziwe na rangi ya kijivu iliyokolea inayokaribia zambarau, hiyo ni fedha kloraidi. Suuza sana, manake mabaki ya Jik yataharibu sampuli, na kamwe usiichanganye Jik na asidi kwenye benchi, inatoa gesi ya klorini. Zitumbukize zote mbili kwenye glasi moja ya bafa upime tofauti kati yake: milivolti chache tu ni sawa, ikizidi kumi au inatangatanga rudia. Ukiona sehemu imebaki inang'aa fedha tupu, hiyo sehemu ndo itakayokusumbua mchana kutwa, mkondo utakuwa unatembea pole pole bila sababu.

Kiseli chote kiwe ndani ya kisanduku cha chuma kilichounganishwa na athi ya amplifaya, sehemu moja tu ya athi, usiunganishe na huku na kule ukatengeneza mzunguko. Umeme wetu ni hezi 50 na utauona: mawimbi 50, 100, 150 kwenye mstari wako. Zima taa za LED zilizo karibu, ondoa chaja za simu, kompyuta mpakato iendeshe kwa betri ukiweza. Umeme ukikatika mkaingia kwenye jenereta au inveta kelele inabadilika kabisa, kwa hiyo rekodi zilizofanyika kwa umeme wa gridi na zile za jenereta usizichanganye kwenye uchambuzi mmoja kabla hujalinganisha kelele zake. UPS za bei rahisi nazo wakati mwingine zinaleta uchafu kuliko ukuta wenyewe.

Kulowanisha

Kitundu kikavu hakikubali maji. Anza na ethanoli au isopropanoli, iache ipenye pande zote, kisha maji, kisha bafa, bila kuacha kikauke katikati. Mimina kwa sirinji taratibu ukutani mwa kiseli, usitupe tone kutoka juu.

Sasa pitisha volteji kutoka −500 mpaka +500 milivolti kwa hatua za 50 uandike mkondo. Kwa kitundu cha duara na chumvi ya molari 0.1 ipate kuwa mstari ulionyooka unaopita sifuri, na mteremko wake ukupe ule ukinzani wa megaohm 8 tuliopiga hesabu. Ukipata megaohm 80 kuna hewa au kimeziba. Ukipata megaohm 2 kimepasuka au kuna maji yanavuja pembeni ya gaketi. Hiki kipimo cha dakika tano ndo daktari wako, kifanye asubuhi, kifanye kila ukibadilisha sampuli, kifanye jioni. Pipeti ya koni inaweza kukupa mstari uliopinda, upande mmoja unapitisha zaidi, hiyo ni kawaida yake hasa chumvi ikiwa hafifu.

Kurekodi

Anza na bafa tupu. Dakika kumi, volteji ile ile, presha ile ile utakayotumia kwenye sampuli. Hesabu mishuko. Bafa nzuri inakupa michache sana, kama inakupa kumi kwa dakika na sampuli yako inakupa kumi na tano basi huna sampuli, una bafa chafu. Watu wanapenda kuliruka hili kwa kuwa halina picha nzuri ya kuonyesha, na mimi ripoti isiyo na rekodi ya bafa tupu siisomi kwa moyo mmoja.

Kuhusu mipangilio: filta ya umeme ya mashine iwe kilohezi 10, kurekodi sampuli 100,000 kwa sekunde. Kwanini? Tupige hesabu tena. Presha ya sentimita 10 za maji, yaani kama kilopaskali 1, unaipata kwa kunyanyua tu mrija wa maji juu ya meza, inasukuma kwenye kitundu chetu karibu pikolita 0.6 kwa sekunde. Kwa mwendo huo chembe inakaa ndani kama milisekunde 0.2 au 0.3. Filta ya kilohezi 10 inaweza kufuata mabadiliko ya maikrosekunde 35 hivi, kwa hiyo umbo linabaki. Ukipunguza filta iwe kilohezi 1 ili mstari uonekane mzuri, mshuko unabonyea, unakuwa mfupi na mpana, na chembe yako ya 200 inajifanya ndogo kuliko ilivyo. Mstari mzuri wa kuangalia siyo data nzuri.

Na ile pikolita 0.6 inakuambia kitu kingine. Sampuli yenye chembe bilioni moja kwa mililita itakupa kama chembe moja kila sekunde mbili. Bilioni kumi, tano au sita kwa sekunde. Ukitaka chembe 500 za kujenga histogramu (chati ya chembe ngapi za kila saizi) inayoeleweka, kwa bilioni moja utakaa robo saa, sawa, na kwa milioni kumi utakaa karibu siku nzima, kwa hiyo ikoleze sampuli kwanza. Upande wa juu nako kuna mpaka, ukizidisha chembe mbili zinaingia kwa pamoja na unahesabu moja kubwa.

Usisahau kwamba presha siyo inayosukuma peke yake. Chembe nyingi zina chaji hasi zinavutwa kwenda elektrodi chanya, wakati ukuta wa kioo nao una chaji hasi na unayaburuza maji kwenda elektrodi hasi, kwa hiyo hivi viwili vinavutana. Ukiona hakuna kitu kinapita geuza volteji kabla ya kulaumu sampuli. Ukitaka kujua wingi wa chembe kwenye mililita fanya presha iwe ndo mkubwa kuliko hizo nguvu mbili: pandisha presha kwa hatua tatu au nne, chora idadi kwa sekunde dhidi ya presha, ipande kwa mstari ulionyooka.

Shanga za kipimo

Nunua shanga za polistairini zenye cheti cha kipenyo, tuseme 200. Zitikise, ziweke kwenye beseni la maji la mashine ya mawimbi ya sauti dakika moja au mbili ziachane (shanga tu, virusi na vifuko usivifanyie hivyo utavipasua), zipunguze kwa bafa ile ile ya sampuli, rekodi. Kisha suuza, rekodi sampuli, kisha rudisha shanga tena mwishoni. Shanga za mwanzo na za mwisho zikitofautiana sana, kitundu kimebadilika katikati na data ya hapo kati ina mashaka.

Kipenyo cha chembe usiyoijua ni kipenyo cha shanga mara kipeuo cha tatu cha uwiano wa mishuko, kila mshuko ukiwa umegawanywa kwanza kwa mkondo wake wa msingi. Mfano: mkondo wa msingi haujabadilika, shanga ya 200 inashusha pikoampia 900, chembe yako inashusha 380. Uwiano 0.42, kipeuo cha tatu 0.75, chembe ni ya nanomita 150. Uzuri wa kipeuo cha tatu ni kwamba kinasamehe, ukikosea mshuko kwa asilimia 10 kipenyo kinakosea asilimia 3 tu. Ndo maana kwenye saizi, hii njia ni kali sana. Kwenye idadi haisamehi chochote.

Angalia pia histogramu ya shanga zenyewe. Ukiona mlima mkubwa 200 na kamlima kadogo karibu 250, hizo ni shanga mbili zilizoshikana: ujazo mara mbili ni kipenyo mara 1.26. Kamlima kako kwenye 252 hivi, siyo kwenye 400, na ukiwaona wanafunzi wanaandika kwamba wamegundua kundi jipya la chembe za 250 waulize kwanza kuhusu kugandana.

Uchambuzi, na ule ukuta wa kushoto

Programu yoyote ya Python inatosha. Toa mkondo wa msingi kwa wastani wa kati unaotembea, dirisha lake liwe refu mara nyingi kuliko mshuko mmoja, hesabu kelele kwenye vipande visivyo na mishuko, weka kizingiti mara tano ya hiyo kelele, chukua kina na muda wa kila mshuko. Chora kina dhidi ya muda. Mishuko isiyorudi juu ni kuziba, itupe na andika umetupa mingapi. Fungua mishuko ishirini kwa macho yako mwenyewe, moja moja, uone kama ina umbo la chembe kupita au ni mruko wa mtu kafungua mlango.

Sasa ile 75 tuliyoiandika kwa herufi kubwa. Ukipima vifuko vya seli utapata histogramu inayopanda kutoka kulia kwenda kushoto, inafika kilele kama 85 au 90, halafu inaporomoka ghafla. Karibu kila mtu anaandika kwamba saizi ya vifuko vyake ni nanomita 85. Siyo. Hicho kilele kimetengenezwa na kizingiti chako, upande wa kushoto wa kilele vifuko vipo na huenda ni vingi zaidi, mashine ndo imeishia hapo. Jaribu hivi: punguza volteji nusu, kelele ikibaki ile ile mpaka unahama kutoka 75 kwenda 94 hivi, na kilele nacho kitahama kwenda kulia. Kilele cha kweli hakihami ukibadilisha volteji. Kwa hiyo usiandike kamwe "chembe bilioni tatu kwa mililita" ikaishia hapo, andika "bilioni tatu kwa mililita kati ya nanomita 80 na 300", na ukilinganisha wagonjwa wawili au siku mbili kata zote kwenye mpaka ule ule wa chini, ule uliokuwa mbaya kuliko yote.

Idadi yenyewe unaipata kwa kulinganisha na shanga: presha ile ile, kitundu kile kile, wingi wa sampuli ni wingi wa shanga mara kasi ya sampuli gawanya kasi ya shanga, kisha rudisha kiasi ulichopunguza kwa bafa. Kasi ya bafa tupu itoe kwanza.

Kikiziba

Kitaziba. Mkondo unashuka ghafla na kukaa chini. Geuza volteji sekunde chache, kisha geuza presha, kisha gonga kiseli taratibu kwa kidole, kisha suuza kwa bafa safi. Volteji kubwa sana kwenye utando mwembamba usijaribu, inapanua kitundu au kukitoboa. Sampuli za plazma au seramu zina protini nyingi zinazong'ang'ania ukuta, hizo zipitishe kwanza kwenye safu ya kutenganisha kwa saizi, ukizimwaga hivi hivi utaua kitundu ndani ya dakika. Sampuli za binadamu zichukulie zote kama zina maambukizi, glavu, kabati la usalama, na kila kilichogusa kiloweke kwenye Jik kabla ya kutupa, isipokuwa kitundu chenyewe kama watengenezaji wake hawairuhusu.

Mwisho wa siku suuza kwa maji yaliyochujwa mpaka chumvi yote itoke, kwa sababu chumvi ikikaukia ndani inatengeneza fuwele na kesho hutakuta kitundu. Kama utakitumia kesho kiache kwenye mchanganyiko wa nusu ethanoli nusu maji, kifuniko kikiwa kimekaza, kwenye friji ya maabara. Kwenye kifuniko andika tarehe, ukinzani wa mwisho na joto la chumba, ili atakayekifungua asubuhi ajue anatakiwa kukutana na megaohm ngapi.